Mgeni Aliyelala kwa Bi Siti

Nyumba ya Bi Siti,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Jumapili, 22 Machi 1998

Mpendwa Bibi yangu, mke wangu wa ujanani na uzeeni,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya magoti yako, maana najua msimu wa mvua yanakuamsha kabla ya jogoo. U hali gani? Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha mwaka jana kimehama au nacho kimepanga chumba? Mimi mumeo ni mzima wa afya, nimejaa shingo, na wasichana wa Mtaa wa Kongo wananitazama sana. Usijali. Nawaambia nina mke Kilwa Kivinje, ana meno manne na wivu wa meno thelathini.

Nawe Mauza, binamu yangu unayemsomea Bibi, mambo? Soma taratibu, soma kama ilivyoandikwa, usiruke mstari kwa kuona haya wala usiongeze wako. Nakujua. Safari ile niliandika kwamba nimeota ndevu, wewe ukamsomea Bibi kwamba nimeota ndege, ikaja barua nzima ya kunitafsiria ndoto. Mpaka leo nangoja hiyo safari ya mbali niliyotabiriwa.

Hapa Bongo mvua imelifukuza jua mjini. Wanaiita El-Nino, na wapo watu waliowapa watoto wao jina hilo, maskini watoto. Jangwani pamekuwa bahari, pangekuwa na samaki tungefungua Feri ya pili. Nasikia Rufiji nayo imefura na njia ya kwenu inakatika kila wiki. Barua hii nampa utingo wa lori, kijana wa Kilwa Masoko. Ikikufikia imelowa, ujue imevuka mto pale Ndundu kwa kuogelea.

Sasa Bibi, niingie kwenye jambo lenyewe, maana nikizunguka zaidi utasema nimekuwa mwanasiasa. Mwambie Mauza akuwekee mto mgongoni.

Ulinitaka nikubali kazi ya Bhupendra. Sijaikubali. Nataka kuwa bwana afya, wa serikali, wa kuzuia maradhi ya kuambukiza. Ulinikataza kwa barua, na mimi sitaki kwenda bila radhi yako. Mtu wa kwetu akienda bila radhi hata kalamu inamkatikia mkononi. Kwa hiyo nakuandikia kukuomba, na kukueleza jambo lililotokea hapa nyumbani, halafu wewe mwenyewe utasema.

Kwanza nimtendee haki Bhupendra, usije ukadhani namkimbia mtu mbaya. Ana duka la jumla la vyombo vya plastiki: ndoo, beseni, madumu, majagi. Tangu biashara ilipofunguliwa kila kitu kinashuka bandarini, hata vijiti vya kuchokolea meno vinapanda meli kutoka ng'ambo kana kwamba sisi miti hatuna. Bhupendra si Mhindi wa kuambiwa Kiswahili. Kazaliwa Kisutu, mama yake kazaliwa Kisutu, na akimtukana mtu, huyo mtu hurudi kesho kuuliza maana yake. Ananitaka nisimame mlangoni mwake kuita wateja. Si kwa upendo, Bibi, ni kwa sababu Kariakoo nzima hakuna mdomo kama wangu. Naweza kumuuzia mtu ndoo isiyo na kitako, akaondoka ananishukuru kwamba ni nyepesi.

Nilipomwambia kuhusu kazi ya afya aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Mgeni bwana, serikali inapunguza watu, wewe unataka uongezwe? Umeona wapi watu wanashuka melini, mtu anakimbilia kupanda?"

"Wakishuka wote, mzee, si ndiyo nitapata pa kukaa?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini akasema mlango uko wazi mpaka Idi Kubwa, ikipita anampa nafasi Samir wa Buguruni. Fikiria, Bibi, Samir! Sauti yake kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Jambo la shule nalo usilisikie kwa watu. Kidato cha pili nilikiacha kabla hakijaniacha, hilo unalijua, na mwalimu mkuu mpaka leo anashukuru. Chuo cha afya kinataka cheti cha kidato cha nne, chenye baiolojia na kemia. Hivyo lazima nianze na mtihani wa maarifa, halafu nifanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeshaanza masomo ya jioni. Nakaa dawati moja na mama mmoja mwenye wajukuu na ananishinda kemia. Baiolojia naiweza. Nimejifunza kwamba kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kwako wewe hata nzi haonekani, kwa hiyo nilikuwa na msingi mzuri.

Unajiuliza mjukuu wako, mkimbia shule, amerogwa na nani akaipenda shule. Sikiliza.

Mwezi wa Desemba, mvua zikiwa zimeshamwaga vyoo barabarani, bwana afya wa huku kwetu alisimama nje ya Shimoni, yaani lile soko la chini ya ardhi, akiwa na kipaza sauti. Anaitwa Gaudens, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, buti za mpira mpaka magotini. Akaanza: "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba…" Watu wakaendelea kupatana bei ya nyanya. Sauti yake, Bibi, ni ya kutangaza msiba wa mtu asiyefahamika. Mimi nilikuwa pembeni natembeza ndoo za Bhupendra, na moyo uliniuma. Si kwa ajili ya kipindupindu, nisikudanganye. Ni kwa ajili ya kipaza sauti. Chombo kizuri kama kile kinachezewa!

Nikamwomba kidogo tu. Nikakifungulia: "Chemsha mama, chemsha! Mkaa una bei, na sanda ina bei! Chemsha, poza, funika! Ukinywa ya bombani umekunywa ya chooni kwa jirani!" Watu wakageuka. Wengine walicheka, mmoja akanirushia nyanya, lakini waligeuka. Gaudens alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama ni mali au ni balaa. Tangu hapo nikawa kibarua wake.

Nilivyo, nikanogewa. Siku moja pale Mnazi Mmoja umati umejaa, nikapaza: "Nawa kwa sabuni, hufi ng'o!" Gaudens akaninyang'anya kipaza sauti mbele ya watu, akanivuta kando.

"Mgeni, wewe unauza. Huku hatuuzi. Ukimwahidi mama kwamba hafi, na mwanawe akafa, kesho utamwambia ukweli na hatakusikia."

Bibi, mimi sijawahi kunyamazishwa, wewe shahidi. Siku ile nilinyamaza mpaka nikasikia njaa.

Lile neno limenikaa. Ndoo unaweza kuisifu mpaka yenyewe ikaona haya, na hakuna aliyeumia. Kazi hii chumvi yake inapimwa. Mtu akiharisha na kutapika anachanganyiwa maji ya kunywa: lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, sukari vijiko sita vya chai vya kufuta juu, chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Chumvi ikizidi unamdhuru. Anakunywa kidogo kidogo, bila kukoma, huku mnampeleka hospitali. Basi mimi niliyeanza kutia chumvi tangu sijaota meno, Mungu amenipa kazi ya kupimiwa chumvi. Mauza, hicho kipimo kiandike kwenye karatasi ukibandike karibu na jiko, mvua inanyesha huko pia.

Usidhani ni kazi ya suti. Tunatia dawa visimani. Tunagombana na wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo, maji yabebe uchafu mpaka kwa mwenzao. Tukionekana tu mwanzo wa mtaa sauti inapita mlango kwa mlango, "Afya hao! Afya hao!" Sufuria za wali zinaingia uvunguni, juu ya kitanda analazwa mtoto aliyeambiwa ajifanye amelala. Euphrasia, mama lishe tunayepanga naye nyumba moja kwa Bi Siti, kila akiniona kwenye kona yake anashika mwiko kama rungu.

"Leo umekuja kula au kumwaga?"

"Kula, dada. Nikishiba nitamwaga."

Wali wake na maharage ni wa kufunika. Sijaumwaga hata siku moja, kwa sababu kila nikikagua maji yake nayakuta yamechemka. Nilimfundisha mwenyewe, akanitukana, akachemsha.

Jambo moja lilikuwa linanifurahisha sana. Nikipita uani kwa watu, wamama wakiwa wamekaa, nilikuwa nasikia wananong'ona, "mgeni… mgeni…" halafu kimya. Nikajua ni mimi. Nikajua nimeshakuwa mtu maarufu, pengine kuna binti ananiwazia. Nikawa natembea kifua mbele.

Hapo katikati ikaja barua yako, kabla ya Idi Ndogo. Uliandika nikae na Bhupendra, kazi ya afya niiache, na mwisho kabisa ukaweka maneno haya: "Usimfuate mgeni." Nilicheka peke yangu. Nikasema Bibi kazeeka, ananikataza nisijifuate mwenyewe. Au Mauza kaandika ndege mahali pa ndevu tena. Nikaikunja nikaiweka chini ya mto.

Sasa nisikilize vizuri.

Jumatano ya wiki iliyopita nilitoka alfajiri na kipaza sauti, Gaudens kanituma peke yangu Mchikichini kwa wauza mitumba. Huku nyuma Euphrasia akaanza kuendesha. Maji meupe, kama uliyooshea mchele. Jua lilipopanda alikuwa hawezi tena kwenda chooni kwa miguu yake.

Bi Siti, mwenye nyumba wetu, ni mwana wa pwani kama wewe, kanga mbili na tasbihi. Aliogopa. Habari ikitoka, nyumba itanyunyiziwa dawa mbele ya majirani, wapangaji watahama, Euphrasia hatauza hata punje. Lakini pia ana moyo, hawezi kumwacha mtu afe uani kwake. Basi akamwita muuza maji mwenye mkokoteni, akamtuma sokoni: "Mwambie bwana afya, Mgeni yuko kwangu, kalala tangu alfajiri, hali si nzuri, aje."

Muuza maji akauza maji yake kwanza. Kisha akamkuta Gaudens akampa ujumbe uliobaki kichwani mwake: "Bi Siti anasema Mgeni amelala kwake tangu alfajiri."

Gaudens akajua nimemtega. Nimemwambia naenda Mchikichini, kumbe nimegeuka nikalale. Kwa historia yangu nani angemlaumu? Akajibu: "Akiamka, mwambie asirudi." Akaendelea na kazi yake.

Nilirudi mchana, sauti imekwisha, nimejaa matope mpaka kwenye nyusi. Gaudens hakunitazama.

"Umeamka?"

"Nimeamka tangu adhana, mzee."

"Basi kalale tena. Bi Siti kaleta habari kwamba Mgeni amelala kwake."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, mimi kwa Bi Siti nalala kila siku, ndiko nilikopanga!" Halafu nikakikata kicheko katikati. Kwa sababu, Bibi, Bi Siti hajawahi kuniita Mgeni hata mara moja. Ananiita Mkilwa. Na pale pale nikawasikia wale wamama wa uani wakinong'ona, nikajua hawakuwa wananisifu mimi.

Sikumweleza Gaudens. Nilikimbia, naye alipoona ninavyokimbia akanifuata na mabuti yake.

Euphrasia alikuwa kwenye mkeka uani. Macho yameingia ndani, sura ya bibi kizee. Niliifinya ngozi ya mkono wake, ikabaki imesimama kama kitambaa. Alikuwa anasema neno moja tu, kwa midomo maana sauti haikuwepo: maji. Bi Siti kakaa kando yake na kopo limejaa, analia, hampi. "Usimpe, mwanangu. Ukimpa yatashuka yote."

Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mkono wangu ulisita. Mimi, mwenye kipaza sauti cha serikali, niliyeimba vijiko sita na nusu kijiko miezi mitatu, mkono ulisita. Kwa sababu nimelelewa na sheria hiyo hiyo: tumbo likiendesha, usinywe maji. Nilikuwa mdogo, naharisha, nakulilia maji, na wewe unanifuta uso kwa upande wa kanga unaniambia nivumilie. Ulikuwa unanipenda. Bi Siti naye alikuwa anampenda Euphrasia.

Nikampa. Nilichanganya sukari na chumvi kwa kipimo, nikamnywesha kijiko kwa kijiko nilivyofundishwa. Tuliushika mkokoteni wa yule muuza maji, tukashusha madumu yake yote, tukamlaza. Gaudens, mtumishi wa serikali, akakamata mishikio akasukuma, mimi nikikimbia pembeni nanywesha, njia nzima hadi kambi ya wagonjwa. Kariakoo ambayo haimpishi hata maiti ilitupisha. Kambini walimtundikia dripu mikono yote miwili. Daktari akasema tungechelewa mpaka magharibi tungeleta mtu wa kuzikwa.

Amepona, Bibi. Siku ya tatu alikaa kitako akaulizia sufuria zake. Jana nilipomtembelea akaniambia mimi ndiye mwanamume wa kwanza kumlisha kijiko na nisidhani amenipenda. Gaudens aliniomba radhi mbele ya wenzake, kisha akanivuta kando tena. "Tafuta hicho cheti. Mdomo unao. Karatasi ndiyo huna."

Sasa Mauza, simama hapo kidogo. Kama kuna jirani kibarazani, muage vizuri. Funga mlango, ukae karibu na Bibi, ndipo uendelee.

Juzi nilimkuta Bi Siti anachambua mchele, nikakaa naye. Nikamuuliza kwa nini hakutuma kusema neno lenyewe. Akaniambia lile neno halitajwi, ukilitaja umeliita. Akasema tangu lilipoingia pwani mara ya kwanza watu walisema mgeni. Mgeni kaingia kwa fulani. Mgeni kalala kwa fulani. "Mwaka wa sabini na nane, Mkilwa, kila nyumba ilikuwa na mgeni." Halafu akaacha kuchambua, akanitazama. "Kwani wewe umezaliwa lini?" Nikainuka. Naye akaendelea na mchele wake, na nadhani hakuwa anaona chuya tena maana alikuwa anatupa mchele anabakiza chuya.

Nilikwenda chumbani nikaitoa barua yako chini ya mto. Usimfuate mgeni. Safari hii sikucheka.

Bibi, nimezaliwa mwaka huo. Miaka yote umeniambia nimeitwa Mgeni kwa sababu siku niliyozaliwa nyumba ilijaa wageni. Na umeniambia mama yangu aliondoka kabla sijafikisha arobaini, kwa tumbo. Tumbo tu. Nimekuwa mtu mzima bila kuuliza tumbo gani, kwa sababu kila nikitaka kuuliza ulikuwa unakumbuka kitu jikoni.

Sasa nadhani najua ni mgeni gani aliyejaa nyumba ile. Na nimewaza sana kuhusu jina langu. Kwanza nilikasirika. Nikasema, mtu anampaje mtoto jina la ugonjwa? Halafu nikawaza tena, nikikujua ulivyo. Nikawaza kwamba labda mlinipa mimi jina lake makusudi, ili yule mwingine akirudi kugonga aambiwe kutoka ndani: Mgeni tunaye tayari, mtoto, ananyonya, hakuna nafasi nyingine. Kama ndivyo, basi hakuna aliyewahi kunikinga kama ulivyonikinga wewe. Ulisimama mlangoni na neno moja kwa sababu ndilo pekee ulilokuwa nalo.

Sikulaumu. Lielewe hilo, na Mauza mrudilie mstari huu. Sikulaumu hata chembe. Mkono uliofundishwa ulisita juzi, sembuse mkono ambao hakuna bwana afya aliyefika kuufundisha. Sitakuuliza kama mama aliomba maji. Hilo kaa nalo, au litoe siku ukitaka.

Lakini ndiyo maana siwezi kusimama mlangoni mwa Bhupendra. Nikipiga kelele za ndoo nasikia kwa ndani ile sauti ya Euphrasia isiyotoka. Maji, sukari, chumvi. Bibi, si dawa ya mzungu, si mashine. Vitu vilivyo jikoni kwako saa hii. Mtu anakufa kando ya kopo lililojaa kwa sababu aliyelishika anampenda na hajaambiwa, na aliyetumwa kwenda kusema ameambiwa asiseme neno. Jambo kama hilo linahitaji mtu mwenye mdomo. Kwenye ukoo wetu mdomo ni wangu, hata adui zangu wanakubali.

Najua unachoogopa. Unaogopa nikimfuata atanigeukia. Nanawa mikono mpaka ngozi imekuwa kama ya kambare, usiwe na hofu. Najua pia Bhupendra anasema kweli, serikali inapunguza watu. Gaudens mwenyewe hajui kama mwakani atakuwa na ofisi. Nitasoma, pengine nifeli, pengine nifaulu nikute mlango umefungwa. Sikuahidi kitu. Nimejifunza kutoahidi. Nakuambia tu kwamba ndicho ninachokitaka, na ni mara ya kwanza nakitaka kitu ambacho siwezi kukipata kwa maneno.

Ninachokuomba ni kidogo. Utingo atarudi Dar wiki hii, mvua ikimruhusu, nayo Idi haijafika. Sihitaji barua ndefu. Mwambie Mauza achukue karatasi aandike ni nini kilichomuua mama yangu. Si tumbo. Si mgeni. Neno lenyewe. Ukiliandika nitajua umenipa radhi, maana mtu anayeweza kulitaja hawezi kuniogopea tena kama zamani, na Bhupendra nitamwambia amwite Samir na bawaba yake. Karatasi ikija tupu, nitajua hujawa tayari. Nitabeba ndoo, na nitangoja.

Nisalimie Mjomba Muhiddin, mwambie nyavu alizoagiza bado nazitafuta, zilizopo zinapitisha hata papa. Msalimie mama Dalia jirani, na wote wanaoulizia kama nimeoa. Wajibu nimeoa zamani. Mauza, asante kwa macho yako. Safari hii ukisoma vibaya nitakujua.

Mola akuwekee pumzi, akulainishie magoti, na awape marehemu wetu maji ya Peponi wanywe wasipungukiwe.

Ni neno refu, Bibi, silabi tano. Lakini halina uzito kama ule mlioubeba kwa kulinyamazia.

Mumeo akupendaye,

Mgeni
(mimi niliyezaliwa, si yule mwingine)